Ukifuata Ukoo wa Setla, Usimruke Olivier

Wasee, chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha. Wiki hii nimekesha na ukoo wa Louis Hébert, Mfaransa, muuza dawa wa Paris. Mwaka wa 1617 alivuka bahari na mkewe Marie Rollet na watoto wao watatu, wakashuka Québec, Kanada ya leo. Wanahesabiwa kuwa familia ya kwanza ya Wafaransa kulima na kukaa huko moja kwa moja.

Kumfuatilia huyu si kazi. Makanisa yaliandika ubatizo, ndoa na mazishi. Binti yake Guillemette aliolewa na Guillaume Couillard mwaka wa 1621, wakapata watoto kumi. Kanisa lilipoungua 1640, vitabu vikateketea, na bado watu wakakaa chini wakaviandika upya kutoka kichwani. Hayo majina hayakuruhusiwa kupotea. Ndiyo maana leo maelfu ya watu wanaweza kuhesabu mzazi kwa mzazi hadi wamfikie Hébert.

Sasa shika hii. Kwa nyumba hiyo hiyo ya Couillard kulikuwa na mtoto Mwafrika. Waingereza walimleta Québec walipoiteka 1629, akiwa kijana mdogo tu. Inaaminika alitoka Madagaska. Akauzwa, kisha akaishia mikononi mwa Couillard. 1633 akabatizwa Olivier Le Jeune: Olivier ni jina la karani mmoja pale, Le Jeune ni la padri aliyemfundisha. Yaani hata jina aliazimwa. Alikufa 1654, akaandikwa kuwa mtumishi. Jina alilopewa na mamake halipo popote.

Hébert ana sanamu mjini Québec. Marie na watoto wako hapo chini yake, hata Couillard yuko. Olivier hayuko.

Najua kuna mtu atasema ukoo ni damu, na Olivier hakuwa damu yao. Sawa. Lakini hizo karatasi zinazokuonyesha Couillard alioa nani ndizo pia zinakuonyesha Olivier alibatizwa na kuzikwa lini. Ukifuata ukoo huu vizuri, lazima mkutane. Ukimruka, umechagua kumruka. Na historia ya familia ambayo inahesabu waliokula mezani na kusahau aliyechota maji, hiyo ni nusu ya hadithi.

Hii kitu inaniuma kwa sababu Guka yangu alikuwa mpishi kwa shamba la setla hapa Kenya. Mwaka jana nilipata picha mtandaoni, wajukuu wa huyo setla wameiweka pamoja na historia ya ukoo wao. Kila mzungu ana jina na mwaka wa kuzaliwa. Mpaka mbwa ana jina. Pembeni kuna mwanaume amevaa kanzu nyeupe, ameandikwa "mpishi". Nilimwonyesha Shosho kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo ni mzee wangu."

Sidai shamba kwa hii posti. Hiyo ni vita ingine. Niliwaandikia wale wajukuu, nikawatumia jina lake kamili, majina ya wazazi wake na kijiji chake. Neno "mpishi" likae, ni kazi aliyoifanya vizuri. Waongeze tu jina mbele yake.

Bado nangoja jibu.