Kauboi wa Brooklyn aliyenigombanisha na mjomba

Mimi mwenzio wiki hii nilinuniwa na mjomba siku tatu nzima, salamu haitiki, na chanzo cha ugomvi wenyewe ni mzungu, tena marehemu, tena kauboi. Usicheke, ngoja nikupe stori yote.

Mjomba ndiye aliyenilea tangu niko darasa la tatu, baada ya dingi kwenda safari ya kikazi ambayo mpaka leo haijaisha. Ni mtu mpole, hanywi, hana makuu. Ila ana ugonjwa mmoja: picha za kikauboi. Na si zile sinema ndefu unazozijua wewe, hapana. Yeye anapenda vile vipindi vya zamani vya televisheni ya Marekani, nyeusi na nyeupe, nusu saa kimekwisha, steringi hafi. Anazo kwenye CD, zimejaa mikwaruzo, na iliyomshika pabaya kuliko zote ni The Rifleman.

Kwa ambaye hajaiona: kuna jamaa anaitwa Lucas McCain, kafiwa na mke, ana shamba karibu na kimji kinaitwa North Fork, kule New Mexico. Mkononi ana bunduki ya Winchester yenye kishikio kikubwa cha duara, anaizungusha kwa mkono mmoja kama mtu anayezungusha funguo za gari, huku inatema moto. Kipindi kilianza 1958 kwenye kituo cha ABC, kikaisha 1963, sehemu 168. Aliyecheza Lucas anaitwa Chuck Connors, pande la mtu, futi 6 na inchi 5.

Sasa, kauboi wa kawaida unamjua. Anaingia mjini peke yake, anamaliza watu, anapotelea kwenye vumbi. Huyu Lucas yeye ana mtoto, Mark. Akishampiga jambazi risasi inabidi arudi nyumbani amtazame mtoto usoni na amweleze kwa nini mtu amekufa. Dogo anauliza, baba anakaa chini, anajibu. Kila wiki hivyo hivyo.

Utotoni nilikuwa nakaa pale kwenye mkeka nikijifanya nasubiri risasi. Kumbe nasubiri pale baba anapokaa chini. Hili sijawahi kumwambia mtu, naliandika hapa kwa kuwa najua mjomba hasomi magazeti.

Basi, si unajua mimi na udadisi wangu? Nikaanza kumchimba huyu Connors ni nani. Nilidhani nitakuta mtoto wa mfuga ng'ombe wa Texas. Wapi! Jamaa ni mtoto wa mjini kama mimi na wewe. Kazaliwa Brooklyn, New York, tarehe 10 Aprili 1921, jina lake halisi Kevin Joseph Connors, wazazi wake wametokea Newfoundland kule Canada. Hilo "Chuck" lilitokana na besiboli. Alikuwa analinda kituo cha kwanza, na kila saa anawapigia kelele wenzake wamrushie mpira. "Chuck" kwa Kiingereza cha uwanjani ni kama kusema "rusha". Wakambandika jina, likaganda.

Na hapo ndipo nilipompenda zaidi, maana ujanani mwake jamaa alitemwa na timu mpaka unamwonea huruma. Alicheza mpira wa kikapu, Boston Celtics, mwaka 1946, timu ndiyo kwanza inaanzishwa. Mechi yao ya kwanza ya nyumbani, wakiwa bado wanapasha viungo, Connors akatupia mpira wa kawaida tu, ubao wa kioo ukapasuka vipande vipande! Mashabiki wakakaa kusubiri ubao mwingine uletwe. Ukisikia mkosi ndio huo. Mwaka 1948 hayupo Celtics.

Akabaki na besiboli. Ndoto yake ilikuwa Brooklyn Dodgers, timu ya mtaani kwao, kama wewe uliyekulia Kariakoo na ndoto zako za Simba au Yanga. Mei 1949 wakamwita, wakampa gongo apige. Akapiga mpira wa chinichini, na kwa pigo hilo moja wachezaji wawili wa timu yake wakatolewa, yeye mwenyewe akiwemo. Basi. Hakupewa tena. Maisha yake yote ndani ya Dodgers ni pigo hilo moja. Mwaka 1951 akapata mechi 66 na Chicago Cubs, nao wakamshusha timu ya daraja la chini, Los Angeles Angels. Ana miaka 30 sasa, ameoa. Mtaani kwetu hapo wangeshasema huyu amefulia.

Ila tazama walikomtupa. Los Angeles! Hollywood iko jirani, watu wa sinema wanakuja uwanjani kuangalia mechi. Mmoja wao, kazi yake kutafuta sura mpya, akamwona huyu mrefu mwenye makeke. Mwaka 1952 akapewa kipande katika Pat and Mike, sinema ya Spencer Tracy na Katharine Hepburn, akicheza askari polisi mkubwa. Besiboli akaiaga. (Mimi niliyemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitaki kuyataja hapa, unaweza kufikiria hiyo sehemu nimeisoma mara ngapi.)

Lucas mwenyewe alikuja baada ya sinema ya Disney ya mwaka 1957, Old Yeller, ile ya mbwa. Inasimuliwa kuwa watayarishaji wa The Rifleman walishaanza kuachana na Connors kwa sababu ya malipo, lakini walipomwona mle anavyoongea na mtoto wakarudi wenyewe kumtafuta. Kwa hiyo kilichompa kazi si bunduki. Ni kukaa na mtoto.

Alifanya mengine mengi, mengine ya kuchekesha. Mwaka 1962 alicheza kama Geronimo, kiongozi wa Waapache, na macho yake ya bluu! Mwaka 1967 akaja na Cowboy in Africa, eti bingwa wa kukamata ng'ombe kwa kamba analetwa hapa jirani, Kenya, kufuga wanyamapori kwenye ranchi. Mjomba aliwahi kunionyesha, tukawa tunatafuta sehemu tunazozijua. Hatukuona, maana sehemu kubwa walipigia picha California, kwenye bustani ya wanyama waliyoiita Africa USA. Sehemu 26 tu, wakaifunga 1968. Na mwaka 1973 kiongozi wa Wasovieti, Leonid Brezhnev, alipofika kwa Rais Nixon kule California, akakutana na Connors. Bwana mkubwa alikuwa na ugonjwa wa mjomba wangu, makauboi. Connors akampa zawadi ya bastola za Colt, na siku ya kuondoka Brezhnev akamrukia, Connors akambeba juu juu kama mtoto mbele ya wapiga picha. Vita Baridi hiyo, ndugu yangu.

Sasa twende kwenye ugomvi.

Jumapili iliyopita nikaleta nyumbani Roots, ile hadithi ya Kunta Kinte iliyoonyeshwa Marekani usiku nane mfululizo, Januari 1977. Mjomba hakuwahi kuiona. Tukakaa vizuri mpaka Kizzy, binti wa Kunta Kinte, anauzwa mbali na wazazi wake. Anafika kwa bwana mpya anaitwa Tom Moore. Mlango unafunguliwa, anatokea pande la mtu, futi 6 na inchi 5.

Mjomba akasema, "Huyu si Lucas?"

Nikamwambia ndiye.

Akafurahi, akasogeza kiti. Akadhani binti kapata mkombozi. Mimi nilikuwa najua kinachokuja, na nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Kwa wasioijua: Tom Moore anambaka Kizzy usiku uleule. Anazaliwa George, na George anakuwa mtumwa wa baba yake mzazi, anamtunzia majogoo ya kupiganisha. Ni damu yake, anamwona kila siku, na anamhesabu kama mali.

Mjomba hakufika huko. Kilipoanza kile kitendo akainuka, akazima TV, akaenda kukaa nje.

Nilimfuata na ujuaji wangu. Nikamwambia, mjomba, yule ni mwigizaji, hiyo ndiyo kazi, kucheza mtu mbaya mpaka uchukiwe. Nikaongeza na jingine, kwamba hata yule Lucas unayemsujudia, wakati anacheza baba bora wa Marekani ndoa yake ilikuwa inavunjika, na ana watoto wanne wa kiume wa kweli. Nilidhani nimemaliza kesi.

Akaniambia, "Mjomba, wewe unafikiri mimi nilijuaje kulea? Mimi sikuwa na mtoto. Uliletwa na begi."

Akaingia ndani. Siku tatu ndiyo hizo.

Nimezifikiria sana hizo siku tatu. Sijui kama Connors alikuwa baba mzuri kwa wale wanne, na si kazi yangu kujua. Ila mtu wa Brooklyn ambaye hakuwahi kuchunga hata mbuzi alimfundisha fundi cherehani wa Magomeni kukaa chini mtoto akiuliza swali. Na yeye huyohuyo ndiye Tom Moore, tena kamcheza vizuri mno, maana anakutisha kwa sauti ileile na mabega yaleyale. Mimi nilitaka mjomba awaone wote wawili. Nilitaka kwa sababu nilishawahi kuwa na wote wawili, mmoja kwenye mkeka, mwingine safarini. Nilipaswa kumwambia hivyo, badala ya habari za talaka za watu.

Jana jioni akanivunjia ukimya mwenyewe. Anakata kitambaa, hata hanitazami.

"Hivi yule dogo, Mark, walipokua waliendelea kuonana?"

Nikamwambia ndiyo. Yule dogo ni Johnny Crawford, na walibaki marafiki. Mwaka 1991 wakarudi tena kama Lucas na Mark ndani ya filamu moja ya Kenny Rogers, mzee na mwanawe, mtoto keshakuwa mtu mzima. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Novemba 1992, Connors akafariki Los Angeles, miaka 71, saratani ya mapafu na nimonia, sigara zilimmaliza. Crawford naye amefariki 2021. Kwenye kaburi la Connors kuna picha yake akiwa Lucas, na nembo za Celtics, Cubs na Dodgers. Dodgers pia, kwa pigo lile moja.

Mjomba akaweka mkasi chini.

"Weka ile ya kwanza kabisa," akasema. "Ile wanayoingia North Fork."

Nikaweka. Ilikwaruza mara mbili, tukasubiri, ikaendelea.