Kizibao Hakipigi Picha

Kila msimu wa harusi, mjini Sumbawanga na katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, hutokea mtu mmoja ambaye hana undugu na bibi harusi wala na bwana harusi, walakini hapana aliyehudhuria anayeonekana kuliko yeye. Amevaa kizibao cheusi chenye mifuko kumi na miwili, na mifuko kumi na mmoja haina kitu. Kamera inaning'inia kifuani kama hirizi. Mgongoni pameandikwa jina lake kwa herufi nyeupe, na baada ya jina limefuatia neno refu la Kiingereza lenye maana ya kwamba huyu si mpiga picha wa mchezo bali ni mtaalamu aliyebobea. Padri akiinua mkono kubariki, mgongo huo ndio unaoonekana. Shangazi akinyoosha shingo amwone mtoto wa kaka yake akivishwa pete, herufi hizo ndizo anazozisoma.

Majuma matatu yakishapita, huletwa albamu. Katika ukurasa wa kwanza bibi harusi ana gauni lakini hana uso. Katika ukurasa wa pili ana uso, lakini gauni limegeuka karai la chokaa. Bwana harusi ana macho mekundu ya paka. Mama mzazi, aliyeshinda mwaka mzima akipanga shughuli hiyo, amekatwa kichwa katika picha mbili na katika ya tatu amezibwa na spika. Baba, ambaye hakuwahi kuonekana akicheza ngoma hadharani mpaka siku ile, amekuwa ukungu wa kijivu wenye viatu. Kitu kimoja tu kimetoka barabara, hakina kiza wala mtikisiko, katika kila picha bila ya kukosa: ni jina la mpiga picha, lililotiwa nakshi na kulazwa vifuani mwa watu kama kanga.

Ni haki kubainisha mapema nani anayesemwa hapa. Hasemwi kijana anayepiga picha kwa mapenzi, akakosea, akafuta, akapiga tena. Wala hasemwi mtu asiyekwenda chuoni. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, alijifundisha mwenyewe, na picha zake zimewashughulisha wataalamu wa nchi za mbali. Unguja kwenyewe, watu waliokwenda Capital Art Studio, iliyoasisiwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, hawakumuuliza mwenye studio cheti. Walitazama picha zilizotundikwa ukutani, kisha wakakaa kitini. Wapo na Sumbawanga mafundi wa namna hiyo, na hao ndio wanaodhulumiwa zaidi kuliko wote. Anayesemwa ni yule aliyeutangulia ujuzi kwa jina, akanunua kamera siku ya Ijumaa na siku ya Jumamosi akaitwa mtaalamu, naye mwenyewe ndiye aliyejiita.

Ajabu ni kwamba mtu huyo amechagua kufanya hayo Ufipa, nchi ambayo zamani haikumpa mtu jina la fundi kwa rahisi. Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma wanaojulikana mbali. Tanuru lao la udongo lilisimama kiasi cha mita 3, likavuta hewa lenyewe kwa urefu wake bila ya kuvuviwa. Kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa mara ya pili katika tanuru dogo lililovuviwa kwa mivukuto. Palihitajika kujua udongo upi, mawe yapi, makaa ya mti gani, na siku ya kuwasha moto. Tanuru lenyewe lilichukuliwa kama bibi harusi, likapambwa, likaimbiwa, likawekewa miiko, na aliyeliongoza alikuwa mtu aliyekwisha kukaa miguuni mwa wakubwa wake. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipoenea, lakini masalia ya matanuru yangali yamesimama mashambani, na kila anayepita na kamera huyaona.

Mhunzi hakuweza kujisingizia. Jembe lilitoka mkononi mwake likaenda shambani, na mvua za kwanza za Novemba zilitosha kumfichua. Jembe likipinda, hurudishwa; fundi akalirejea motoni akalinyosha. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo mwenye kizibao hajaifikiria. Picha mbaya hairudishwi. Harusi haipigwi upya kwa kuwa kamera ilikosea, na bibi aliyesimama na mkongojo wake mlangoni kwa dakika moja hatasimama tena pale kwa namna ile. Kazi isiyo na marudio ndiyo inayotaka ujuzi kabla ya jina.

Basi na atazamwe ujuzi wenyewe. Kamera haina akili ya kujua imeelekezewa nani. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake hukisia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitarudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga unaoviangukia, yaani kijivu cha wastani. Kikikutana na gauni jeupe, hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza, na uso ulio juu ya gauni ukazama kizani. Kikikutana na suti nyeusi, hudhani mwanga umepungua, kikauongeza, na gauni likaungua likawa weupe mtupu usio na mshono wala ushanga. Hayo ndiyo maelezo ya kurasa zile mbili za albamu. Kurekebisha kwake ni kuzungusha kigurudumu kimoja kwa kidole gumba, na mafunzo yake hayazidi alasiri moja. Mtaalamu wa Sumbawanga hakukigusa kigurudumu hicho tangu alipoinunua kamera. Ameiacha izungumze peke yake, kama mtu aliyekodi mshenga kisha akalala.

Kisha kuna jua. Ufipa iko kiasi cha nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na mji wa Sumbawanga umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mwanga ni mkali na hewa ni nyepesi. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hupita utosini. Na kwa kuwa mkoa wa Rukwa uko mbali upande wa magharibi huku saa zake ni zile zile za Dar es Salaam, adhuhuri hiyo huangukia karibu na saa 7 mchana, wakati misa imekwisha na jamaa wanapangwa nje ya kanisa. Jua la utosini huchimba mashimo meusi chini ya nyusi, likamfanya mtoto mwenye afya aonekane mgonjwa wa mwezi mzima. Mwenye kuijua kazi huwasogeza watu hatua kumi, chini ya mti au kwenye kivuli cha ukuta unaotazama anga, au huwaomba wamngoje saa 11. Mwenye kizibao huwapanga juani, akawaamrisha wacheke. Wanachokionyesha si kicheko. Ni watu wanaofumba macho.

Ukumbini usiku mambo huwa mengine, na ujinga huwa ule ule. Mwanga ukiwa mdogo, kamera iliyoachiwa ijiamulie hulifungua pazia lake kwa muda mrefu, mathalan sehemu 1 ya 8 ya sekunde, na katika muda huo mchezaji ngoma amekwisha kwenda na kurudi. Hivyo ndivyo baba mtu alivyogeuka ukungu. Flashi iliyo juu ya kamera, ikipigwa usoni moja kwa moja, huupiga mwanga kwenye mboni ukarudi mwekundu, na nyuma ukutani ikatundika kivuli cheusi kama jini anayesubiri zamu yake. Lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha pua na kuyapeleka masikio mbali. Hakuna siri katika hayo. Yote yameandikwa katika vitabu vidogo vinavyouzwa pamoja na kamera, ambavyo mtaalamu huviacha katika sanduku pamoja na karatasi ya dhamana.

Lakini kosa kubwa kuliko yote halitokani na kutojua, linatokana na kukusudia. Akishaona nyuso zimekuwa kiza, mtaalamu hakiri kwamba ameshindwa na mwanga. Huona kwamba kosa ni la ngozi za watu. Huingia katika programu ya kompyuta, akapaka, akang'arisha, mpaka bibi wa Kifipa mwenye miaka sabini, aliyeunguzwa na jua la shamba la mahindi tangu utotoni, akatoka na rangi ya uji wa mchele, hana kunyanzi, hana chale, hana kidoto shavuni. Jambo hili lina ukoo mrefu. Kampuni ya Kodak ya Marekani, kwa miaka mingi, ilizipa maabara kadi za kusawazishia rangi zilizoitwa Shirley, nazo zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na ngozi nyeusi zikatoka kama zitokavyo. Malalamiko yaliyosikizwa mapema yalikuwa ya wauzaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri katika matangazo. Kabati lilitendewa haki kabla ya mtu. Leo mkanda umeondoka, kamera za kisasa zinaweza kuipokea ngozi nyeusi kwa uzuri wake wote, na anayeirejesha kadi ile ni Mswahili mwenzao, kwa hiari yake, tena kwa malipo.

Vivyo hivyo katika mandhari. Ndani ya mkoa wa Rukwa, mpakani na Zambia, mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, miongoni mwa maporomoko marefu ya Afrika. Iko misitu ya Mbizi, yako maji ya Tanganyika pale Kasanga, iko bonde la Ziwa Rukwa linalofunguka ghafla chini ya miguu. Mtaalamu huwaondoa maharusi wake katika nchi hiyo, akawabandika mbele ya poromoko la ugenini na miti ya misonobari yenye theluji. Atajitetea kwamba wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, nao walitumia mapazia yenye meli na ndege. Kweli, walitumia, na walijua wanalolifanya: mteja wao alikuwa msafiri aliyetoka bara, naye alitaka picha ya hamu yake, na vibanda vile vilipambwa kwa jicho na kwa dhihaka. Kule pazia lilikuwa kauli. Huku limekuwa tambara la kuficha kwamba mtu hakuweza kuupima mwanga wa Kalambo.

Watasema watetezi wake: huyu ni kijana masikini, vifaa ni ghali, na wateja wenyewe wameridhika. Umasikini ni hoja, nayo isikilizwe. Yafaa ikumbukwe lakini kwamba vilivyokosekana katika albamu ile havinunuliwi. Kivuli cha mti hakina bei; hatua kumi hazina bei; kumtazama mama mtu kabla ya kubonyeza hakuna bei. Kilichonunuliwa kwa fedha ni kizibao. Ama kuridhika kwa wateja, wengi hawakuridhika. Wamenyamaza kwa kuwa shughuli imekwisha na aibu ya kugombana juu ya picha ni kubwa. Na walioridhika wamezoezwa kupima kazi kwa mng'aro wa karatasi na unene wa jalada.

Picha hupimwa siku nyengine, ambayo hapana aliyeipangia. Bibi yule wa mkongojo hufariki. Wajukuu huikimbilia albamu watafute sura ya kuweka mbele ya jeneza. Wanakuta picha moja iliyo kiza, moja iliyotikisika, na ya tatu imepakwa ikawa ya mtu mwengine. Wakimwendea mtaalamu awape ile ya asili, huambiwa kadi ilikwisha kufutwa ili ipatikane nafasi ya harusi nyengine, na iliyobaki ni ile aliyowahi kuituma kwa simu, iliyominywa hata ikikuzwa inakuwa vigae. Basi huchukuliwa ile iliyopakwa, kwa kuwa hapana nyengine. Waombolezaji hupita mbele ya jeneza, wakatazama, na kila mmoja moyoni mwake hujiuliza ni nani huyu. Mtu ameishi miaka sabini, na uso uliobaki duniani si wake.

Wapenzi wa mashairi wasicheke sana wakidhani hayo ni ya Rukwa peke yake. Wanamjua ndugu yake mtu huyu: ni yule aliyetunga beti nne siku ya Ijumaa na Jumamosi akajiita malenga. Vina vyake vimegongana, mizani yake imechechemea, na jina lake chini ya shairi ni refu kuliko mshororo. Yeye nae husema watu wameridhika.

Wa Ufipa watakaomwajiri mpiga picha na wampime kama jembe. Aonyeshe harusi moja nzima tangu mwanzo hadi mwisho, si picha kumi alizozichambua katika miaka mitano. Aonyeshe nyuso za wazee, za rangi yao na kunyanzi zao. Aahidi kuweka nakala za asili katika mahali pawili mbalimbali, na jina lake aliandike nyuma ya picha. Akiyaweza hayo, na aje na shati la kawaida. Watu wenyewe watamwita fundi.