Kimeng'enya na kimeng'enywa

Rafiki yangu wa fakalti ya Sayansi alinionyesha labo yao, akanieleza kwa Kifaransa kitupu kitu wanachokiita « substrat chromogène ». Nilipomwomba arudie kwa Kiswahili alicheka: haisemeki. Namjibu hapa, pamoja na wenzetu wa Lugha wanaokubaliana naye kimyakimya.

Kwanza jambo lenyewe. Kimeng'enya hakionekani kwa macho. Ukitaka kujua kama kipo, na kinafanya kazi kwa kasi gani, unakipa kitu cha kukata, kilichotengenezwa ili kikikatwa kipande kimoja kionyeshe rangi. ONPG haina rangi. Beta-galaktosidasi ya bakteria E. coli ikiikata, maji yanakuwa ya manjano, na mashine inayapima manjano hayo kwenye nanomita 420. X-gal, ikikatwa na kimeng'enya hichohicho, huzaa kitu cha ukoo wa nili, na makundi ya bakteria kwenye sahani yanageuka buluu.

Tuiiteje basi? Nimesikia pendekezo la "substrati ya rangi". Silikubali. Nguo ya rangi ina rangi tayari. ONPG haina, na faida yake yote iko hapo. Ingekuwa na rangi tangu mwanzo, ingetuambia nini?

Nusu ya jibu tunayo tayari. Kimeng'enya kinatokana na kumeng'enya, yaani kuvunja vipande vidogo. Tia -w- ya kutendwa, unapata kimeng'enywa: kile kinachovunjwa. Mtenda na mtendwa, na kati yao herufi moja tu. Katika Kifaransa, « enzyme » na « substrat » hayana undugu wowote; mwanafunzi anayakariri mbalimbali. Kwa hiyo napendekeza "kimeng'enywa kitoarangi".

Mwenzangu mmoja wa darasa alinibana: na TMB je? Hiyo haivunjwi. Peroksidasi huioksidisha tu, ikawa buluu; ukiongeza asidi inakuwa ya manjano. Ni kweli, jina langu linachechemea hapo. Lakini kilema kinaanzia kwenye kimeng'enya chenyewe, ambacho vitabu vya shule vinakitumia bila malalamiko, kwani peroksidasi nayo tunaiita hivyohivyo. Atomu kwa Kigiriki ni kisichogawanyika. Iligawanywa, jina likabaki.

Wengine watasema labo itaendelea na Kifaransa chake. Iendelee. Mimi namfikiria mama yangu mdogo. Mwaka jana alipimwa damu, akaletewa karatasi yenye neno « positif ». Akamuuliza muuguzi waliona nini ndani ya damu yake. Jibu: "Ni mashine imesema." Akarudi nyumbani akidhani mashine inaweza kusema lolote.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha aina ya ELISA, ambamo kimeng'enya hufungwa kwenye kingamwili, kisha kitoarangi humwagwa juu yake. Nilimweleza jioni ile jikoni, bila neno hata moja la Kifaransa. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, yale maji yangebaki meupe, ningekuwa sina ugonjwa?"