Kununua Kiti si Kununua Mteja

Hoja kwamba kinyozi wa Khayega atakua haraka akinunua vibanda vya wenzake kando ya barabara ya Kisumu–Kakamega, kisha kuajiri vinyozi, haisimami. Kinachouzwa ni kiti, kioo na mashine. Mteja hufuata mkono unaomnyoa. Mkono ukihamia kibanda cha pili, naye huyo. Deni la ununuzi halihami. Na kuajiri? Vinyozi wengi hulipwa kwa asilimia ya kila kichwa. Pasipo daftari la kila jioni, lililolinganishwa na malipo ya M-Pesa, mwajiri hugawa asilimia ya kiasi asichokijua. Eti ukubwa huleta nidhamu! Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilifikisha matawi zaidi ya 60, na Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi.