Bibi alidai, ofisa alibainisha

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Nilipanda Kilema kuandika habari ya mfongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga inayoshusha maji ya mlimani mpaka kwenye vihamba. Maji yalikuwa yamepungua. Nikaongea na bibi mmoja ambaye kihamba chake kiko mwisho wa mfereji, kisha nikaongea na ofisa wa maji. Nikaandika: bibi alisema hivi, ofisa alisema vile. Mhariri (gazeti silitaji, nisije nikakosa ugali) akabonyeza Ctrl na F, akahesabu "alisema" 14 katika kurasa mbili, akanirudishia kazi. Eti nina umaskini wa msamiati!

Haya, nikautajirisha. "Alisema" za ofisa zikawa alibainisha, alifafanua, alisisitiza. Za bibi zikawa alidai na alilalamika. Habari ikatoka, msamiati unameremeta. Wiki iliyofuata nikampelekea bibi nakala. Akasoma taratibu, miwani puani, halafu akaniuliza: "Mjukuu wangu, kwani mimi nilimdai nani?"

Sikuwa na jibu. Kubainisha ni kuweka jambo wazi. Ukiandika mtu kabainisha, umeshamwamini. Ukiandika kadai, umempa msomaji ruhusa ya kutia shaka. Na mimi sikuwa nimepima maji ya mtu yeyote, nilikuwa naikimbia ile 14 tu. Mtu anayeuchungulia mfereji kila asubuhi akawa wa kutiliwa shaka, wa ofisini akawa mkweli. Hebu fungueni gazeti kesho muone ni nani hudai na ni nani hubainisha.

Kichekesho ni kwamba hata hesabu yenyewe ilikuwa mbovu. Kwa kompyuta, neno ni herufi zilizo kati ya nafasi mbili, basi. "Alisema", "wanasema", "aliyesema" na "tulivyosema" kwake ni maneno manne yasiyojuana. Kitenzi cha Kiingereza kina sura nne tano, hesabu hiyo inakifaa. Chetu kinavaa viambishi mbele na nyuma mpaka sura zinafika maelfu. Ukitaka kujua umerudia nini, tafuta mzizi: andika "sem" na usichague neno zima. Zitakuja na "semina", hizo ziruke. "Akaniambia" haitakuja kabisa, hiyo utaikamata kwa macho yako mwenyewe.

Programu inayojua kuvua viambishi hivyo ipo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake wameishughulikia tangu miaka ya 1980, inaitwa SALAMA. Helsinki, jamani! Lakini hata hiyo ingemwambia mhariri neno limerudi mara ngapi tu. Kwamba linastahili kurudi, hilo ni la binadamu kuamua.

Mnaotaka kuhesabu, hesabuni "aidha", "kwa upande wake" na "suala zima la". Hayo futeni bila huruma. "Alisema" iacheni hata ifike 20. Msomaji huipita bila kuiona, wala haimpendelei mtu.

Nimeomba toleo la mtandaoni lisahihishwe. Nimechungulia tena asubuhi hii. Bibi bado anadai.