Mtambo wa eksirei Afrika: Fedha zajadiliwa, wahandisi hawatajwi

KWA takriban miaka kumi sasa, wanasayansi wa Afrika wamekuwa wakipigania bara hili lijengewe mtambo wake mkubwa wa utafiti kwa mionzi ya eksirei, ule ujulikanao kwa jina la sinkrotroni. Ukiliacha bara la Antaktika, Afrika ndilo bara pekee lisilo na mtambo wa aina hiyo.

Mjadala huo ulioshika kasi baada ya mkutano wa Grenoble, Ufaransa, Novemba 2015, na kufuatiwa na mwingine uliofanyika Accra, Ghana, mwanzoni mwa mwaka 2019, umetawaliwa na maswali mawili: nani atatoa fedha, na ni nchi gani itakayoupata mtambo. Swali la tatu, ambalo pengine ndilo gumu kuliko yote, husikika kwa nadra. Nani atauendesha?

Sinkrotroni si mashine ya eksirei ya hospitali iliyokuzwa. Ni jengo la duara, mara nyingi lenye ukubwa wa uwanja wa mpira au zaidi, ambamo elektroni huzungushwa ndani ya bomba kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Kila zinapopindishwa na sumaku, elektroni hizo hutoa mionzi ya eksirei ambayo mng'ao wake unaizidi ya hospitali kwa mabilioni ya mara. Kuzunguka bomba hilo hujengwa vyumba vya kufanyia vipimo, na kila chumba hupokea mionzi yake.

Matunda ya kazi hiyo yanafahamika. Wanasayansi watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2009, Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath, walitumia mitambo ya namna hii kuchora umbo la ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya chembe hai. Mwaka 2020, ulimwengu ulipokumbwa na Uviko-19, mtambo wa Diamond wa Uingereza ulikuwa miongoni mwa vya kwanza kuchunguza protini za kirusi hicho kwa ajili ya kutafuta dawa.

Katika picha za washindi wa tuzo, mhandisi haonekani. Hata hivyo, bila yeye hakuna mionzi, na kazi yake haifanani sana na ile ambayo wengi huidhania.

Chukua mfano wa bomba lenyewe. Ili elektroni zizunguke kwa saa nyingi bila kugongana na hewa, ndani yake sharti pawe na ombwe ambalo shinikizo lake ni dogo mara trilioni moja kuliko la hewa tunayovuta. Mafundi huliunganisha wakiwa wamevaa glovu, kwa kuwa alama moja tu ya kidole ikibaki ndani, mafuta ya ngozi yataendelea kutoa gesi kwa muda mrefu. Baada ya hapo bomba hupashwa moto kwa siku kadhaa ili kufukuza unyevu uliong'ang'ania kwenye kuta zake. Ufa usioonekana kwa macho, katika kiungio kimoja kati ya mamia, unatosha kuwafanya waanze upya.

Halafu kuna sumaku. Katika kituo cha ESRF cha Grenoble, ambacho duara lake lina mzingo wa mita 844, zimo sumaku zaidi ya 1,000, na kila moja hupangwa mahali pake kwa usahihi usiozidi unene wa unywele. Sakafu ikititia kidogo, au joto la maji ya kupoozea likibadilika kwa sehemu ya nyuzi moja, mionzi huhama na mtafiti aliye mwisho wa njia hukosa shabaha. Kwa hiyo wapo wahandisi ambao ajira yao nzima ni maji: pampu, vichujio, mabomba na vipimajoto. Si kazi ya kujivunia barazani, lakini ndiyo inayoshikilia mengine yote.

Usalama nao una watu wake. Kabla mionzi haijafunguliwa, mtu hupita ndani ya chumba chenye kuta za risasi akihakikisha hakuna aliyebaki, huku akibonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Akikosea mpangilio, mlango haujifungi. Mlango ukifunguliwa wakati kazi inaendelea, mionzi hukatika papo hapo. Mfumo huo hauruhusiwi kushindwa hata mara moja, na anayeubuni huulinda hata dhidi ya profesa mwenye haraka.

Haraka hiyo ina sababu. Mitambo hii hufanya kazi usiku na mchana, na watafiti hushindania nafasi kwa maombi ya maandishi. Aliyengoja kwa miezi kadhaa huweza kupewa siku mbili au tatu tu. Kifaa kimoja cha kulisha sumaku umeme kikizimika saa nane za usiku, elektroni zote hupotea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, vyumba vyote vya vipimo husimama, na simu ya mhandisi wa zamu hulia. Mara nyingi chanzo ni cha kawaida kabisa: maji yanayovuja, waya uliolegea, feni iliyokufa.

Umahiri huo haununuliwi pamoja na mtambo, na ushahidi wa karibu zaidi uko Jordan.

Mwaka 1997, Herman Winick wa Marekani na Gustav-Adolf Voss wa Ujerumani walipendekeza kwamba mtambo wa BESSY I wa Berlin, uliokuwa unakaribia kustaafishwa, usitupwe bali upelekwe Mashariki ya Kati. Ndipo ulipozaliwa mradi wa SESAME, chini ya mwavuli wa UNESCO, katika eneo la Allan, si mbali na Amman. Wanachama wake ni pamoja na Iran, Israel, Palestina, Misri, Pakistan, Uturuki na Cyprus, orodha ambayo kwenye meza ya siasa ni vigumu kuikalisha pamoja.

Ulifunguliwa rasmi Mei 2017. Miaka 20 ilipita kati ya wazo na ufunguzi, na si kwa sababu ya siasa pekee. Fedha zilisuasua. Desemba 2013 theluji iliangusha paa la jengo. Sehemu za Berlin zilibaki kuwa za kuanzishia mwendo wa elektroni tu, ilhali duara kuu lenye mzingo wa mita 133 lilibidi lijengwe jipya.

Lakini kilichofanyika katika miaka hiyo ya kungoja ndicho kinachostahili kutazamwa na Waafrika. Vijana kutoka nchi wanachama walipelekwa kwenye vituo vya nje kujifunza, kwa ufadhili wa taasisi kama Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA). Sumaku za duara kuu zilipogharimiwa na Umoja wa Ulaya kupitia CERN, baadhi ya kazi ilipewa viwanda vya nchi za eneo hilo, zikiwamo Pakistan na Cyprus. Mtambo ulipowashwa, tayari walikuwapo watu walioujua kwa mikono yao.

Hata hivyo, SESAME ilikumbana na adui ambaye msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kutambulishwa kwake, yaani umeme. Bei ya nishati hiyo nchini Jordan ilikuwa kubwa kiasi cha kutishia uhai wa kituo. Suluhisho likawa shamba la umeme wa jua lenye uwezo wa megawati 6.5, lililozinduliwa Februari 2019, ambalo huingiza umeme kwenye gridi ya taifa kufidia kile kinachotumiwa na mtambo.

Huko Grenoble nako wahandisi walilitazama tatizo hilo hilo kwa namna nyingine. Walipousimamisha mtambo wao Desemba 2018 na kuujenga upya ndani ya jengo lile lile, sehemu kadhaa za kupindishia elektroni waliziwekea sumaku za kudumu, ambazo hazili umeme hata kidogo. Watafiti walirejea kazini Agosti 2020.

Bei ni upande mmoja tu wa shida ya umeme. Upande wa pili ni utulivu. Umeme ukiyumba kwa sehemu ndogo ya sekunde, hata kabla taa ya nyumbani haijafifia vya kutosha kuonekana, mtambo huzima, na kuurejesha katika hali yake huchukua saa kadhaa. Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, na mwaka huo huo Afrika Kusini ilipitia mgawo mkali. Nchi yoyote itakayotaka kupewa mtambo italazimika kulijibu hili kwanza, na majibu hayo hayaandikwi na wanadiplomasia.

Si kwamba Afrika inaanza na mikono mitupu. Misri imo ndani ya SESAME. Afrika Kusini iliingia ESRF kama mshirika mwaka 2013, na karibu na Cape Town kipo kituo cha iThemba LABS, ambacho wahandisi wake wameendesha mtambo wa kuongeza kasi ya chembe kwa miongo kadhaa na kuzalisha dawa za mionzi kwa ajili ya hospitali. Hapo ndipo penye mbegu.

Lakini mbegu hiyo ni ndogo, na mhandisi anayejua ombwe na sumaku huajirika popote duniani. Akifundishwa Ulaya na kurudi asikute kazi, ataondoka tena. Ndiyo maana hoja ya kwamba watu watafutwe baada ya jengo kukamilika haina mashiko. Mashine za eksirei zilizokaa miezi kwenye hospitali zetu zikimsubiri fundi kutoka ng'ambo zinatosha kulithibitisha hilo.

Kwa sasa safari ni ya upande mmoja. Fuvu la Australopithecus sediba, lililochimbuliwa Afrika Kusini, lilipelekwa Grenoble mwaka 2010 ili lipigwe eksirei. Lile la Little Foot lilisafirishwa hadi Diamond, Uingereza, mwaka 2019.

Ujenzi wa mtambo wa Afrika bado haujaanza. Ukichukua muda ule ule uliochukuliwa na SESAME, kijana wa miaka 20 anayeingia chuo cha uhandisi leo atakuwa na miaka 40 siku ya kuwashwa kwake.