Sindano ya ukurutu ijaribiwe Nakuru pia

Ukurutu mkali humnyima mgonjwa usingizi, humchubua ngozi na kumfungulia mlango wa maambukizi. Kwa wale ambao krimu zimeshindwa kuwatuliza, dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, imeleta nafuu ya kweli. Katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2016, baada ya wiki 16 zaidi ya thuluthi moja ya waliodungwa kila wiki mbili walikuwa na ngozi safi au karibu safi. Kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa, ilikuwa takribani mmoja kati ya kumi. Hata hivyo, ushahidi huo una pengo linalotuhusu sisi. Sindano hii huzuia interleukini 4 na 13, protini za kinga zinazochochea ukurutu, nazo ndizo mwili huzitegemea kupambana na minyoo. Ndiyo sababu waliojulikana kuwa na minyoo hawakushirikishwa, na maelezo ya dawa yanaagiza minyoo itibiwe kwanza. Isitoshe, wekundu ni mojawapo ya vipimo vya ukali wa ukurutu, ilhali kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika. Majibu ya maswali haya yatafutwe Nakuru, Njoro na Molo, wala tusiyasubiri kutoka Boston.

Wapo watakaosema Wakenya wasigeuzwe panya wa maabara. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa inayouzwa hapa bila kupimwa kwa watu wa hapa humfanya kila mnunuzi kuwa mtu wa majaribio, tena bila ridhaa wala uangalizi. Majaribio yenye uangalizi yanawezekana: Kericho, jirani yetu, tayari imeshiriki utafiti wa chanjo za Ukimwi. Pingamizi la bei ni zito zaidi: dupilumab ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilitajwa kuwa dola 37,000 kwa mwaka. Itakuwa dhuluma kumtumia mkulima wa Molo kuthibitisha dawa asiyoweza kuinunua, na Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti linataka suala hilo lipangwe kabla ya utafiti kuanza. Kwa hiyo, Bodi ya Dawa na Sumu na kamati za maadili zikatae ombi lolote lisilopima na kutibu minyoo, na lisiloahidi kwa maandishi kwamba aliyepata nafuu ataendelea kupewa dawa. Mtafiti atakayekubali masharti hayo apokewe Nakuru kwa mikono miwili.